Kinyozi hajinyoi: Ni nani anayeangalia afya ya mchungaji?

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi na mganga hajigangi. Methali hizi hutuhusu sana sisi madaktari, lakini kuna kundi jingine ambalo huenda zinalihusu zaidi. Hao ni wachungaji, makasisi, mapadri na wahubiri wetu. Wao ndio huamshwa usiku muumini anapofariki. Wao ndio huitwa mume na mke wanapogombana, kijana anapofukuzwa shule au mzee anapokataa kumeza dawa. Wao pia ndio hutakiwa kutoa neno la faraja hata siku ambayo wao wenyewe hawana faraja yoyote. Je, wao wakiugua, wakichoka au wakijikwaa, huenda kwa nani?

Katika makala haya nataka kueleza kwamba mtumishi wa Mungu asiye na mtu wa kumwambia ukweli, na asiye na mtu wa kumwuliza maswali, yumo hatarini kiafya. Mambo haya mawili, kusaidiwa na kuwajibika, aghalabu huzungumziwa kana kwamba ni vitu viwili tofauti. Makanisa mengine husisitiza nidhamu tu, na mengine husisitiza upendo tu. Kwa maoni yangu kama daktari, moja bila la pili halifanyi kazi.

Kazi isiyo na saa

Hebu tuitazame juma la mchungaji wa kawaida hapa kwetu. Jumapili huhubiri, mara nyingi zaidi ya ibada moja. Katikati ya juma kuna vikao vya kamati, maombi ya nyumba kwa nyumba, wagonjwa hospitalini na vijana wanaotaka kufunga ndoa. Ijumaa huenda kukawa na kesha. Jumamosi, siku ambayo wengine hupumzika, kuna mazishi, harusi au harambee, na wakati mwingine yote matatu. Jumatatu, ambayo makanisa mengi huiita siku ya mapumziko ya mchungaji, simu yake haiachi kulia.

Fauka ya hayo, kila nyumba anayoingia huandaliwa chai yenye sukari nyingi, mandazi, chapati na nyama. Kukataa ni kuwavunjia wenyeji heshima. Mtu anayezitembelea nyumba nne kwa siku hula mara nne bila kuwa na njaa, na baina ya nyumba na nyumba hubebwa kwa gari au pikipiki. Halafu jioni hana muda wa kutembea wala wa kulala mapema.

Wahubiri wa kike wana mzigo wa ziada. Wengi wao wakitoka kanisani hurudi nyumbani kupika na kuwatunza watoto, na bado waumini wengine huwapima kwa kipimo kikali kuliko kile wanachowapimia wanaume. Naye mke wa mchungaji, ambaye twamwita Mama Mchungaji, hufanya nusu ya kazi hiyo bila mshahara wala cheo.

Kuna jambo jingine lisilosemwa waziwazi. Wachungaji wengi, hasa wa makanisa madogo yasiyo na makao makuu, hawana mkataba wa kazi, hawana likizo na hawana malipo ya uzeeni. Riziki yao hutegemea sadaka ya Jumapili. Mtu ambaye chakula cha watoto wake hutegemea jinsi waumini wanavyomwona hawezi kwa urahisi kuwaambia waumini hao kwamba amechoka.

Mwili hudai deni lake

Mwanadamu anapokabiliwa na jambo la kutisha au la kutia wasiwasi, mwili humwaga damuni homoni kama adrenalini na kotiso. Moyo huenda mbio, mishipa ya damu hukaza na sukari hupanda ili misuli ipate nguvu. Hali hii ni ya manufaa ikiwa unamkimbia nyati. Lakini ikiendelea juma baada ya juma, mwaka baada ya mwaka, usingizi hupungua, shinikizo la damu hupanda, mafuta hukusanyika tumboni na kinga ya mwili huzorota.

Nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Duke kiliwachunguza wachungaji wa kanisa la United Methodist katika jimbo la North Carolina mwaka wa 2008. Wachungaji zaidi ya 1,700 walijibu maswali. Ilibainika kwamba karibu asilimia 40 kati yao walikuwa na unene wa kupindukia, kiwango kilichowapita wakazi wenzao wa jimbo hilo kwa asilimia 10 hivi. Visa vya kisukari, shinikizo la damu na pumu pia vilikuwa vingi kuliko kawaida. Hawa walikuwa watu wasiovuta sigara sana, wenye elimu na mishahara ya kila mwezi. Imani yao haikuwakinga na matokeo ya kukaa sana, kula ovyo na kubeba mizigo ya wengine bila kuitua.

Hapa Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba takriban mtu mmoja kati ya kila wanne, wa umri wa miaka 18 hadi 69, alikuwa na shinikizo la damu lililopanda. Zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Sina sababu ya kudhani kwamba mimbari humkinga mtu na jambo hili. Kwa hivyo mchungaji akipita umri wa miaka 40, na apimwe shinikizo la damu na sukari angalau mara moja kwa mwaka. Shinikizo la 140 kwa 90 au zaidi, likipimwa siku tofauti na kubakia hivyo, linahitaji matibabu. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0 au zaidi, na ikathibitishwa kwa kipimo cha pili, ni kisukari.

Ni uchovu au ni ugonjwa?

Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo kamili kuhusu uchovu wa kupindukia unaotokana na kazi. Halikuuita ugonjwa, bali hali inayoletwa na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa. Dalili zake ni tatu. Kwanza, nguvu humwishia mtu kabisa. Pili, huanza kuichukia kazi yake au kuitazama kwa dharau. Tatu, huona kwamba lolote analofanya halina faida.

Kwa mchungaji, dalili ya pili ndiyo humtia hofu zaidi. Ghafla hugundua kwamba anasimama kando ya kaburi na hahisi chochote. Husali kwa maneno yale yale huku mawazo yake yako mbali. Humwona muumini akija akatamani kujificha. Kwa kuwa amefundishwa kwamba moyo mkavu ni alama ya dhambi, huona aibu, na badala ya kupumzika huongeza siku za kufunga na kukesha. Huko ni kuongeza kuni motoni.

Uchovu huu ukiachwa waweza kufuatwa na sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito usiotoka moyoni hata kwa mapumziko. Tofauti ni hii: aliyechoka kwa kazi hupata nafuu akienda mashambani kwa juma mbili. Mwenye sonona huenda na huzuni yake huko mashambani. Hapati raha kwa mambo aliyoyapenda, huamka saa tisa za usiku na kushindwa kulala tena, hupoteza hamu ya chakula au hula kupita kiasi, hujilaumu kwa kila jambo, na wakati mwingine hutamani kufa. Hali hii ikidumu kwa majuma mawili au zaidi, ni lazima amwone daktari. Kuna dawa na kuna ushauri nasaha, na wengi hupona.

Wanaodhani kwamba mtu wa Mungu hawezi kutamani kufa na wamsome tena nabii Eliya katika kitabu cha Wafalme wa Kwanza, sura ya 19. Alipoketi chini ya mti jangwani akiomba afe, hakukemewa kwanza. Alipewa mkate na maji, akaachwa alale, akalishwa tena. Baadaye ndipo alipoulizwa maswali, akapewa kazi mpya na mwenzake wa kuifanya naye, Elisha. Mimi kama daktari siwezi kuuboresha utaratibu huo.

"Na mtu je?"

Wachungaji wanaofika kwangu huja jioni, wakati foleni imekwisha. Wengi hawaji kusema kwamba wamechoka. Huja na kiungulia, maumivu ya mgongo, kichwa kinachogonga au kifua kinachobana.

Mmoja wao, ambaye nimegeuza mambo kadhaa kumhusu ili asitambulike, alikuja mara tatu kwa sababu ya kifua. Kipimo cha moyo hakikuonyesha kasoro. Shinikizo lake la damu lilikuwa 170 kwa 110. Alikuwa akilala saa nne kwa usiku, na hakuwa amechukua likizo kwa miaka sita. Nilimwandikia dawa, kisha nikamwuliza: "Mchungaji, mizigo yako wewe humweleza nani?"

"Humweleza Mungu, daktari," akajibu.

"Na mtu je?"

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba mkewe alikuwa na wasiwasi wa kutosha, wazee wa kanisa ndio waliomlipa, askofu ndiye aliyeweza kumhamisha, na wachungaji wa jirani walikuwa wakishindania waumini naye. Hakuwa na hata mmoja.

Dawa ziliteremsha shinikizo lake katika muda wa miezi michache. Usingizi ulikawia. Ulianza kurudi baada ya yeye na wachungaji wawili wa madhehebu mengine kukubaliana kukutana kila Jumatatu ya pili, kunywa chai isiyo na sukari na kuambiana ukweli. Bado anameza dawa zake, na huenda akazimeza maisha yake yote. Lakini kifua hakijamrudisha kwangu.

Tuliyojifunza sisi madaktari

Kazi yangu na yake zinafanana. Sote husikia siri, sote huaminiwa na watu walio dhaifu, na sote twaweza kuwadhuru watu hao tukiachwa bila mtu wa kututazama. Ndiyo maana daktari wa Kenya huhuisha leseni yake kila mwaka kwa Baraza la Madaktari, akiwa ameonyesha kwamba ameendelea kujifunza. Mgonjwa aliyedhulumiwa ana mahali pa kupeleka malalamiko, na daktari akipatikana na hatia aweza kusimamishwa kazi.

Lakini nidhamu hiyo peke yake haitoshi. Hakuna daktari anayeamka usiku na kulipigia Baraza simu kusema kwamba amelemewa. Katika miaka ya 1950 mjini London, daktari Michael Balint, aliyezaliwa Hungaria, alianza kuwakusanya madaktari wa kawaida katika vikundi vidogo. Kila mmoja alisimulia habari za mgonjwa aliyekuwa akimsumbua moyoni: yule anayemwogopa, anayemchukia au aliyeshindwa kumsahau. Wenzake hawakumhukumu. Walimsaidia kuona ni nini kilichokuwa kikitendeka baina yake na mgonjwa huyo. Balint aliandika kitabu kuhusu kazi hiyo mwaka wa 1957, na vikundi vya namna hiyo vimeenea katika nchi nyingi.

Mchungaji anahitaji vyote viwili. Anahitaji chombo chenye mamlaka juu yake, na anahitaji wenzi wasio na mamlaka juu yake. Chombo cha kwanza humzuia kuwadhuru wengine. Kikundi cha pili humsaidia kabla mambo hayajaharibika.

Si jambo geni kwetu

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya kizungu. La hasha. Uamsho wa Afrika Mashariki ulianza kwa watu wawili waliokutana. Mwaka wa 1929 daktari Joe Church, Mwingereza aliyefanya kazi katika hospitali ya Gahini nchini Rwanda, alikwenda Kampala akiwa amechoka mwili na roho baada ya njaa kali iliyoikumba Rwanda. Huko Namirembe alikutana na Mganda, Simeoni Nsibambi. Waliketi pamoja, wakasoma Biblia na kuomba kama watu sawa, jambo ambalo halikuwa la kawaida baina ya Mzungu na Mwafrika enzi hizo. Kutoka hapo vuguvugu likaenea, na mwaka wa 1937 likafika Kabete hapa Kenya.

Nguvu ya ndugu wa uamsho ilikuwa katika ushirika wao wa kila juma. Kasisi na mpishi waliketi kwenye benchi moja, na mpishi aliweza kumwuliza kasisi habari za hasira yake nyumbani. Ni kweli kwamba kutubu mbele ya halaiki kulizaa pia uvumi na kuhukumiana, na kuna mambo yasiyofaa kusemwa mbele ya umati. Lakini msingi wake ulikuwa mzuri, nao ni kwamba hakuna mtu mkubwa kiasi cha kutoulizwa.

Mfano mwingine wahusu afya moja kwa moja. Mwaka wa 1992 kasisi Gideon Byamugisha wa kanisa la Anglikana nchini Uganda alitangaza kwamba ana virusi vya UKIMWI, mwaka mmoja baada ya kufiwa na mkewe. Alikuwa kiongozi wa dini wa kwanza barani Afrika kujitokeza hivyo. Wakati huo mapasta wengi walikuwa wakizikwa kwa jina la malaria au kifua kikuu. Mwaka wa 2002 yeye na wenzake walianzisha mtandao wa viongozi wa dini wa Afrika walioishi na virusi hivyo au walioguswa navyo, ANERELA+, ambao baadaye ulienea nje ya bara hili. Wahubiri waliokuwa wakificha vidonge vyao walipata mahali pa kusema, na kutokana na hapo wengi wakapata ujasiri wa kuwahimiza waumini wapimwe.

Pale asipokuwapo wa kuuliza

Upande wa pili twaujua kwa uchungu. Tangu Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, na miongoni mwao walikuwamo watoto. Walioshtakiwa walikana mashtaka mahakamani. Mwezi wa Mei mwaka huo Rais aliteua jopo lililoongozwa na Kasisi Mutava Musyimi kuchunguza sheria zinazohusu mashirika ya kidini, na likakabidhi ripoti yake mwaka wa 2024.

Sisemi kwamba mchungaji aliyechoka ni sawa na waliotajwa katika mkasa huo. Mamia kwa maelfu ya watumishi wetu ni watu waaminifu. Nasema tu kwamba mahali ambapo neno la mtu mmoja halijibiwi na yeyote, hatari huanza kidogo kidogo. Huanza kwa mhubiri kumwambia mgonjwa wa kifafa au wa kisukari aache dawa kwa kuwa ameombewa. Nimewahi kuwapokea wagonjwa wa namna hiyo wakiwa mahututi. Huendelea kwa sadaka kutumwa kwenye simu ya mchungaji mwenyewe badala ya nambari ya M-Pesa ya kanisa. Huendelea kwa ushauri wa faragha usiku na mwanamke aliyefiwa, mlango ukiwa umefungwa. Mtu aliyechoka, asiyelala na asiyepongezwa huwa rahisi kujidanganya kwamba anastahili kitu fulani. Mwenye kikundi cha kumwuliza mapema huenda asifike huko.

Namna ya kuanza

Hakuna haja ya kusubiri makao makuu. Wachungaji wanne hadi sita watosha. Ni vyema wawe wa makanisa tofauti, au wa parokia zilizo mbali mbali, ili asiwepo mmoja anayeweza kumfuta kazi au kumhamisha mwingine. Tofauti kubwa ya umri si tatizo, bali tofauti kubwa ya mamlaka ndiyo tatizo.

Wakutane angalau mara moja kwa mwezi, kwa saa mbili, siku isiyobadilika. Simu zizimwe. Kila mmoja apate dakika zake bila kukatizwa, na wengine wasikimbilie kumhubiria. Wahubiri hupata taabu sana kusikiliza, kwa kuwa wamezoea kusema.

Kisha waulizane maswali dhahiri. Umelala saa ngapi kwa usiku mwezi huu? Ulipumzika siku gani? Ulipimwa lini shinikizo la damu? Nyumbani mko salama? Ni nani mwingine anayeijua hesabu ya sadaka? Yupo mtu unayekutana naye faraghani ambaye usingependa mwenzako wa nyumbani ajue? Unatumia kitu gani ili ulale au ili uchangamke? Na mwisho, kuna lolote katika majibu haya ambalo hukulisema kweli?

Kikundi pia kijue mpaka wa uwezo wake. Mwenzao akionyesha dalili za sonona, akianza kulewa au kumeza vidonge vya usingizi kila siku, kazi yao ni kumsindikiza kwa daktari au kwa mshauri nasaha aliyehitimu. Maombi na yaendelee, ila yasiwe badala ya matibabu. Mtu akisema anatamani kufa, asiachwe peke yake hata kwa saa moja. Afikishwe hospitalini siku hiyo hiyo. Wengi walikuwa wakiogopa kusema kwa sababu sheria iliwatendea waliojaribu kujiua kama wahalifu. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinapingana na Katiba. Hofu hiyo isimzuie mtu kutafuta msaada.

Siri na mipaka yake

Bila siri hakuna atakayesema kweli. Yanayosemwa kikundini yasifike kwa wake wala waume, wala yasigeuzwe kuwa mifano ya mahubiri hata kama majina yamefichwa. Waumini wetu ni hodari wa kutegua vitendawili.

Hata hivyo, siri ina mipaka, na mipaka hiyo yafaa kusemwa siku ya kwanza kabla mtu hajafungua kinywa. Mtoto akiwa amedhulumiwa au yumo hatarini, jambo hilo lazima lifikishwe kwa polisi au kwa afisa wa watoto. Haliwezi kumalizwa kwa toba na kukumbatiana. Mtu akitaka kujidhuru au kumdhuru mwingine, ni vivyo hivyo. Sisi madaktari tuna mipaka hiyo hiyo, na wagonjwa hawajaacha kutuamini kwa sababu yake.

Waumini na wazee wa kanisa

Msomaji, huenda wewe si mchungaji, lakini unaye. Yako mambo unayoweza kufanya. Wazee wa kanisa na wampe siku moja ya mapumziko kwa juma na likizo ya kila mwaka, na waiheshimu. Wamkate hiyo Jumatatu kutoka orodha ya vikao. Wahakikishe yeye na jamaa yake wamesajiliwa katika Halmashauri ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024, na kwamba michango hulipwa. Kanisa lisilo na uwezo wa kumlipa mshahara mkubwa laweza angalau kumlipia hiyo.

Mzee Musa alipokuwa akiwaamua watu tangu asubuhi hadi jioni, ni mkwewe Yethro, mgeni asiyekuwa chini yake, aliyemwambia kwamba atajiangamiza yeye na watu pamoja naye. Alimshauri agawe kazi. Si kila mazishi yanamhitaji mchungaji mkuu. Shemasi au mzee aweza kuongoza maombi ya matanga.

Na mchungaji akija kwako kwa ziara, mpe maji, matunda au chai isiyo na sukari. Usimhesabie vipande vya nyama. Akikuambia kwamba hawezi kuja usiku huu, usimnung'unikie kwa majirani. Ukimwona anakonda, ananenepa ghafla, anakasirika haraka au ananuka pombe, usianze kwa uvumi. Mwendee mtu wa hirimu yake umwombe amwone.

Kwa wachungaji wenyewe, neno langu ni fupi. Juma hili fanya mambo mawili. Nenda katika kituo cha afya kilicho karibu ukapimwe shinikizo la damu na sukari. Kisha andika kwenye karatasi jina la mtu mmoja ambaye hakulipi, hana uwezo wa kukuhamisha na hakuogopi. Ukilipata jina hilo, mpigie simu kabla ya Jumapili. Ukikosa hata jina moja, basi hilo pia ni jambo la kumweleza daktari utakapokwenda kupimwa.